Zulia Walilokula Sungura

Ng'ambo nilikuwa naijua tangu darasa la nne. Ina ndege, ina theluji, na mtu akifika anapokewa na watu waliovaa glovu. Kwa hiyo siku mama mlezi wa vijana aliposimama baada ya ibada, pale kanisani kwetu Bukoba mjini, akatangaza kwamba kikundi cha vijana kitakwenda kuhudumia watoto nje ya nchi, mimi nilishaanza kuwaza koti la kuazima. Ndipo akamalizia.

"Ni Uganda, kupita mpaka wa Mutukula kidogo. Tukiondoka alfajiri, chai ya saa nne tunainywa hukohuko."

Koti likaishia hapo. Lakini nje ya nchi ni nje ya nchi, na mimi nilikuwa sijawahi hata kulala Mwanza. Kazi yangu ni kusuka nywele Miembeni, kwenye kibanda chenye viti viwili na kioo kimoja. Shule niliishia kidato cha nne. Cheti kiko kabatini, hatusumbuani. Wiki ile kila mteja aliyekaa kwenye kiti changu aliinuka akijua kwamba nakwenda ng'ambo. Ng'ambo ipi, sikutaja. Mtu akiuliza, namwinamisha kichwa nisuke kisogoni.

Aliyenibana ni mzee wa Kihindi mwenye duka la madaftari, mmoja wa wachache waliobaki pale mjini. Nilikwenda kununua kalamu za rangi za watoto.

"Ng'ambo wapi, binti?"

"Uganda."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kaka zangu mmoja yuko Kanada, mmoja Uingereza. Wewe unakwenda Uganda. Haya, usisahau kutuandikia." Halafu akanijazia boksi la pili la kalamu bure, akajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta nisimshukuru.

Sasa, ili nipate ile nafasi, kulikuwa na kikwazo kimoja, nacho ni mimi mwenyewe. Mama mlezi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi; ukimsikiliza unasikia chaki. Alikuwa na kumbukumbu zangu zote. Kwamba niliwahi kupiga kengele ya kanisa nusu saa kabla ya wakati ili kikao cha wazee kiishe, sisi tupate ukumbi wa mazoezi. Kwamba wazee walitoka mbio, mmoja akiwa na kikombe cha chai mkononi, wakadhani kuna moto. Akaniita pembeni.

"Nakuchukua kwa sababu watoto wanakupenda," akasema. "Lakini nisikilize vizuri. Ukifanya utundu mmoja tu kule, utavuka mpaka peke yako, begi lako kichwani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, waitu," nikasema, kwa lile neno letu la heshima la Kihaya.

"Usiniite waitu kwa sauti hiyo. Hiyo ni sauti yako ya kengele."

Nilielewa kabisa. Mama mlezi hajawahi kusema neno akaliacha njiani. Na mimi nilishatangaza Miembeni nzima. Kurudi siku ya pili, peke yangu, begi kichwani, ingekuwa afadhali nihamie kabisa kisiwani nikasuke nywele za wavuvi.

Tuliondoka tukiwa kumi na wawili. Vijana wengine walitoka sharika za Muleba, na mmoja wao, wa Kagoma, alikaa kiti cha nyuma yangu. Huyu ni mkulima wa migomba na kahawa, mwili mkubwa, sauti ya besi, na panga lake alikuja nalo limefungwa kwenye gunia kwa sababu, alisema, hajui kulala mahali bila panga lake. Mama mlezi naye alipakia mikungu miwili ya ndizi, maana mgeni haendi mikono mitupu. Pale Mutukula, ofisa wa upande wa pili alichungulia mikungu ile, akatutazama sisi, akatazama mashamba ya migomba yaliyokuwa nyuma yake mpaka upeo wa macho. Akainama, akagonga mihuri. Niliona mabega yake yakitikisika.

Kituo cha watoto kilikuwa juu ya kilima, kanisa dogo, madarasa mawili, bweni na ukumbi. Watoto arobaini hivi, wengi wamelelewa na bibi zao au hawana mtu. Mimi nilibeba vitana kumi na viwili, mafuta ya nywele na riboni za kila rangi, nikiota nitakavyowasuka. Wakatoka kutupokea wakiimba, na vichwa vyote vimenyolewa, vinang'aa kama mayai. Hata kwetu shuleni wananyolewa. Sijui ng'ambo nilitegemea nini.

"Vitana tutawapa mbuzi," kijana wa Kagoma akaninong'oneza.

Lugha haikutusumbua sana. Kihaya na Kiganda ni kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Ukiwaweka pamoja kutwa moja, jioni wanaelewana. Penye shida tulitumia mikono. Siku mbili za kwanza tulicheza nao mpira, tukawafundisha nyimbo, tukapaka chokaa ukuta wa jikoni. Mimi nikawa mtu mwema kiasi kwamba mama mlezi aliniuliza kama ninaumwa.

Mtoto mmoja alinifuata kila mahali. Msichana wa miaka tisa hivi, mwembamba, mwenye sura ya mtu mzima anayefikiria kazi zake. Shingoni alining'iniza ufunguo kwenye kamba ya katani. Nilimwuliza ni wa nini, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya bweni. Kulikuwa na kibanda cha mbao chenye kufuli, na ndani sungura wanane, mmoja amezaa majuzi tu, vitoto saba vya rangi ya waridi visivyo na manyoya, vimerundikana kwenye manyoya aliyojinyonyoa mama yao. Kila mtoto pale kituoni alikuwa na kazi yake. Ya huyu ni sungura. Aliyekuwa na ufunguo ndiye mwenye sungura. Aliulalia, alioga nao, alisali nao. Siku ya Jumamosi, siku ya sherehe ya kutuaga, walezi na wanakijiji wangekuja kuona kazi za watoto, na yeye angefungua kibanda mbele ya watu wote.

"Anti," akaniambia, "siku hiyo usisimame mbele. Wewe ni mrefu."

Ijumaa jioni tulikwenda kuangalia ukumbi wa sherehe. Saruji tupu, baridi, imepasuka kama kisigino. Watoto ndio wangekaa chini, wageni kwenye mabenchi. Nikamkumbuka bibi yangu wa Kashozi. Kwake, ikikaribia Krismasi, tulitumwa kukata nyasi laini tukazitandika nyumba nzima, nene, mpaka mguu unazama. Mgeni akifika mlangoni anavua viatu bila kuambiwa. Sisi watoto tulikula palepale, tukagaagaa palepale, tukapitiwa na usingizi palepale, na nguo za sikukuu zikanuka shamba wiki nzima. Bibi akiona sakafu tupu siku ya sikukuu alikuwa anauliza kama tumehama.

Nikamwambia kijana wa Kagoma. Macho yake yakawaka. Hata kwao Kagoma bado wanatandika.

"Tusiwaambie," nikasema. "Waamke tu wakute."

"Mama mlezi je?"

"Huu si utundu. Huu ni utamaduni."

"Umejibu haraka sana," akasema, lakini mkono wake ulishakwenda kwenye gunia la panga.

Jumamosi kabla hakujapambazuka vizuri tulitoka kimyakimya, viatu mkononi. Nyasi za kando ya njia zilikuwa ngumu, zimejaa miba. Ila nyuma ya bweni, ndani ya uzio mdogo wa matete, kulikuwa na kipande kimetulia, nyasi laini, kijani kibichi, zote kimo kimoja. Nilisema mwenyewe, kwa kinywa changu, kwamba Mungu ametuandalia. Kwetu nyasi hazina mwenyewe. Nyasi ni nyasi, zinaota, unakata. Haikunijia hata kidogo kujiuliza kwa nini nyasi zisizo na mwenyewe zimejengewa uzio na mlango.

Kijana wa Kagoma alikata kama kinyozi, mstari kwa mstari, hakuacha kishungi. Tukabeba mizigo minne, tukatandika ukumbi wote, tukafunga mlango. Tulirudi kulala tukicheka kwenye mikono yetu.

Asubuhi, kwenye uji, niliona watoto wamekaa kimya. Mama wa kituo, mwanamke mpole kwa kawaida, alikuwa amesimama mbele ya yule mtoto wangu wa sungura. Nilielewa maneno machache, mengine nikatafsiriwa na mtoto aliyekaa jirani yangu: mlango wa uzio umekutwa wazi, mbuzi wameingia, wamekula majani yote ya sungura. Majani ambayo mtoto huyu aliyapanda mwenyewe, mzizi kwa mzizi, tangu mvua za kwanza, akayamwagilia kwa kopo. Na leo ndiyo sherehe, na mama sungura ananyonyesha.

Mtoto alisema alifunga mlango. Akasema tena. Mama wa kituo akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza, kwamba kitu kikiwa kizito mtu husaidiwa, na kuanzia leo ufunguo atashika mtoto mwingine mpaka yeye akue kidogo.

Mtoto hakulia. Akashika kamba pale shingoni, akaanza kuivua, ikakwama sikioni.

Mimi nilimwangalia kijana wa Kagoma. Yeye alikuwa anaangalia uji wake kama mtu anayesoma barua. Chini ya meza nikahisi mguu wake mkubwa ukinikanyaga, maana yake: tulia. Na kweli, nani angejua? Mbuzi walishapewa kesi, na mbuzi hawajitetei. Nikamwona mama mlezi mwisho wa meza, ananyoosha mikunjo ya kitenge chake cha sherehe. Nikaona mpaka, nikaona begi, nikaona Miembeni nzima imetoka nje kunitazama nikipita.

Kamba ikachomoka sikioni. Mtoto akanyoosha mkono wenye ufunguo.

"Si mbuzi," nikasema. Nilisema kwa Kihaya, nikajikuta nimesimama. "Ni mimi."

Kijiko cha mtu kilianguka. Kijana wa Kagoma akashusha pumzi, naye akasimama, benchi likainuka upande mmoja kwa kupungukiwa uzito. "Na mimi," akasema. "Hakuna mbuzi anayekata sawasawa namna ile."

Nilishangaa kumsikia bado anajisifu.

Mama wa kituo hakuelewa. Kukata ni kitu kimoja, lakini majani yako wapi? Hawa wageni wameyala? Ikabidi tuongozane sote, uji ukiachwa mezani, mpaka ukumbini. Nikafungua mlango.

Harufu ilitupokea kwanza. Halafu ile rangi, kuanzia mlangoni mpaka ukuta wa mbele, jua la asubuhi limeingia dirishani limelala juu yake. Watoto wakasongamana mlangoni. Mama mlezi alipenya mbele, midomo imekazwa, amekuja na maneno yake yote tayari. Akafika kizingitini, na kabla hajasema hata moja, akainama akavua viatu.

Aliingia hatua tatu, soksi zikazama. Nadhani alikuwa amesahau kabisa kwamba amekasirika. Kisha akageuka akaniona, akakumbuka.

"Begi lako," akasema, "ulifunge."

"Ndiyo, mama."

"Neno langu unalikumbuka."

"Nalikumbuka."

Mama wa kituo alikuwa bado mlangoni, anatazama sakafu, anamtazama yule mtoto. Mama mlezi akamweleza, taratibu, kwamba kwetu hivi ndivyo anavyotandikiwa mtu unayemheshimu. Mama wa kituo akamshika mtoto mkono, akaomba msamaha mbele yetu sote, akamvisha ufunguo tena kwa mikono yake. Mtoto akauingiza ndani ya gauni, usije ukaombwa tena.

Ikabaki shida ya sungura. Kijana wa Kagoma akasema tuzikusanye nyasi tuwapelekee. Mtoto akaingia ukumbini, akachota konzi moja ya nyasi, akazinusa, akazipima shavuni kama mtu anayepima homa.

"Mmezikata na umande," akasema.

Tukakubali.

"Sungura hapewi majani yenye umande. Anavimba tumbo." Akatutazama mmoja mmoja, tuelewe. "Lakini hapa zimetandazwa. Mchana zitakuwa zimekauka." Akafikiri. "Waacheni sungura waje wenyewe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mchana, wageni walipofika, walivua viatu mlangoni kwa kumwiga mama mlezi, na mtoto akafungua kibanda mbele ya watu wote, akaingiza sungura mmoja mmoja ukumbini. Mama sungura na vitoto vyake aliwaleta kwenye kikapu, akawaweka kona yenye nyasi nene. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kwa kuwa ni mrefu. Watoto walikaa, wakagaagaa, wakaimba, na zulia letu likawa linaliwa kuanzia pembeni. Mama mlezi aliposimama kutoa hotuba, ile aliyoiandika kwa wino kurasa mbili, kuhusu vijana waliokuja kuhudumia watoto, sungura mweupe alikuja akakaa juu ya mguu wake wenye soksi. Akashusha sauti. Kadiri sungura alivyokaa ndivyo sauti ilivyozidi kushuka, mpaka ukurasa wa pili tukaukosa sote. Kijana wa Kagoma anasema ndiyo hotuba yake nzuri kuliko zote.

Mchana ule na kesho yake baada ya ibada, mimi na yeye tulikuwa na kazi moja: kukata majani ya porini na kuyaanika, ya kuwatosha sungura mpaka yale ya uzio yaote tena. Mtoto alitukagua. Alipekua kila mzigo, akatoa jani baya, akalitupa pembeni.

"Nyumbani nina shamba la kahawa," kijana wa Kagoma akalalamika, jasho linamtiririka. "Nimevuka mpaka nije kukaguliwa na mtoto wa darasa la tatu."

"Hilo hapo lina umande," mtoto akamwambia.

Siku zote hizo mama mlezi hakunitajia mpaka. Ningefurahi angenigombeza. Ukimpa chumvi anapokea, ukimsalimia anaitikia, lakini akinitazama naona anahesabu kitu. Begi langu lilikaa limefungwa miguuni pa kitanda. Vitana na riboni nilishavitoa: riboni zilifungwa kwenye masikio ya sungura wawili waliokubali, na vitana wale bibi walezi waligawana.

Jumatatu tukaaga. Yule mtoto hakunikumbatia. Aliniruhusu nishike ufunguo, nadhani kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, halafu akauchukua. Nikapanda gari nikaketi dirishani, nikalia njia nzima, nikijifanya napigwa na upepo.

Tulipofika Mutukula, dereva akapunguza mwendo. Mama mlezi akasimama.

"Simamisha hapa." Akanigeukia. "Wewe. Shuka."

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Na begi lako. Unajua linakaa wapi."

Nikashuka. Nikaweka begi kichwani. Nikagongewa muhuri peke yangu, nikatembea peke yangu, kati ya malori na wauza ndizi za kuchoma, nikalisikia gari letu limezima injini nyuma yangu. Nilitembea wima, kwa sababu begi lilinilazimisha. Upande wa Tanzania ofisa akafungua hati yangu.

"Uko peke yako?"

"Nimerudishwa."

"Umefanya nini?"

"Nimetandika nyasi."

Akaniangalia. Alikuwa na lafudhi yetu kabisa. "Wewe binti, sasa kosa hapo liko wapi?"

"Hatukuuliza ni za nani."

Akagonga muhuri huku anatikisa kichwa. Nikatoka, nikasimama kando ya barabara chini ya jua, begi bado liko kichwani kwa sababu sikuwa nimeambiwa nilishushe. Haukupita muda mrefu gari likavuka, likaja taratibu, likasimama mbele yangu. Kioo kikafunguliwa. Mama mlezi akatoa kichwa, akanitazama kama mtu asiyenijua.

"Binti, unakwenda Bukoba?"

"Ndiyo, waitu."

"Ulikuwa umetoka wapi?"

"Ng'ambo."

Nyuma yake nikasikia besi ya Kagoma ikianza kucheka, na wengine wakaifuata. Mama mlezi hakucheka. Alifungua mlango yeye mwenyewe, akanipokea begi, akasogea nikae karibu naye. Gari likaondoka. Tulipita daraja la Kyaka, mto umejaa, naye ameegemea kiti. Nikadhani amesinzia.

"Ukumbi wetu pale mjini," akasema, macho yamefumbwa, "tuliweka vigae, tukaacha kutandika. Miaka mingi sasa."

Nikamgeukia.

"Krismasi hii tutatandika. Wewe na yule wa panga." Akafumbua jicho moja. "Lakini mkaulize kwanza nyasi ni za nani."